Raba za pedali: kagua kirikuu chako kabla ya kupakia mzigo

Leo naweka pembeni kantangaze na mbolea, tunazungumzia gari. Najua mimi ni bwana shamba na siyo fundi makenika. Ila wengi wenu mna kirikuu, wengine mna Noah iliyotolewa viti, wengine mnakodi Canter kwa mzigo mkubwa, na mboga iliyovunwa ikaishia njiani hiyo siyo biashara tena. Kwa hiyo gari nalo ni kifaa cha shamba kama ilivyo pampu ya maji. Na kuna sehemu moja ya gari ambayo sijaona mtu akiikagua: ile raba inayovaa juu ya pedali ya breki na ya klachi, pale unapokanyaga.

Nilianza kuiangalia baada ya yaliyotukuta masika iliyopita. Kuna kijana ninayemtembelea upande wa Kongowe, analima matembele, mchicha na chainizi, anauza Temeke Stereo. Siku hiyo nilikuwa na kazi mjini, nikamwomba lifti. Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha, yeye ametoka moja kwa moja kwenye matuta na gambuti zake miguuni. Tukaingia Barabara ya Kilwa, tukaanza kushuka ule mteremko wa kuelekea Mto Mzinga. Mbele yetu daladala ikasimama kushusha abiria. Kijana akakanyaga breki, nikasikia kitu kama kofi, "pwa!", halafu gari badala ya kupungua mwendo likaruka mbele. Akavuta hendibreki kwa nguvu zote. Tukagota bampa la nyuma la daladala.

Nikamuuliza, "Breki zimekata?"

Akanijibu huku anatetemeka, "Breki zipo, bwana shamba. Mguu ndio haukuwepo."

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini maelewano na dereva na konda wa daladala yalituchukua zaidi ya saa mbili, pesa ikatoka, na tulipofika Stereo wanunuzi wa jumla walikuwa wameshafungasha na kuondoka. Matembele aliyauza kwa bei ya kutupa. Mchicha uliobaki alirudi nao, wakala kuku.

Kulipokucha vizuri tuliinama tukaangalia kwa tochi ya simu. Raba ya breki upande wa kulia ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, mistari yote imekwisha, na kona moja imechanika, chuma kinang'aa kama sarafu. Ya klachi ilikuwa imezunguka nusu, imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isidondoke. Na mwezi uleule gari lilikuwa limetoka gereji! Pedi za breki mpya, mafuta ya breki mapya, fundi kalipwa. Hakuna aliyeangalia pedali. Nisimlaumu fundi peke yake, mimi nilikuwa nimepanda gari lile mara nyingi tu na sikuwahi kuinamisha kichwa.

Sasa tuelewane raba hii inafanya nini. Pedali yenyewe ni mkono wa chuma wenye kibati bapa mwishoni. Chuma kikilowa, soli ya kiatu haina cha kushika. Raba inaongeza mshiko, na ile mistari au vidoti vilivyochongwa juu yake vinafanya kazi ileile ya kashata za tairi: maji na tope vinapata pa kukimbilia pembeni, soli inagusa raba yenyewe. Mistari ikiisha, maji yanabaki katikati ya soli na raba, unateleza. Ndiyo maana raba iliyokwisha huwezi kuisikia kiangazi. Unakanyaga miezi sita hakuna tatizo, mvua ya kwanza ya vuli au masika ndiyo inakuambia.

Piga hesabu ndogo. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde moja linasogea kama mita 11. Mwendo wa 50, ambao ndio kikomo kwenye maeneo ya makazi, linasogea karibu mita 14. Mguu ukiteleza ukaurudisha ndani ya sekunde moja tu, na hapo uko mwepesi kweli, umeshapita urefu wa kirikuu karibu nne bila breki kabisa. Sizungumzii breki dhaifu hapa. Ni sifuri.

Na mguu unapoteleza haudondoki hewani. Kwenye gari la usukani wa kulia kama yetu, breki iko katikati, mafuta yako kulia kwake. Raba inalika zaidi upande wa kulia kwa sababu ndiko mguu unakotokea, kwa hiyo mguu nao unateleza kwenda kulia, kwenye mafuta. Ndicho kilichotufanya turuke mbele. Kwenye kirikuu hali ni mbaya zaidi maana pale chini ni finyu, pedali zimebanana, na gambuti pana inaweza kugusa mbili kwa wakati mmoja hata raba ikiwa mpya.

Kukagua hakuhitaji fundi. Zima gari, liweke kwenye gia, vuta hendibreki, fungua mlango wa dereva upige magoti nje. Tumia tochi. Kwanza futa udongo wote kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu tope lililokauka linaficha mistari iliyokwisha, unadhani raba bado ina meno kumbe ni udongo wa shambani kwako. Kisha pitisha kidole gumba juu yake. Kama unahisi mistari kwenye pande zote, sawa. Kama katikati au upande wa kulia pamekuwa laini, raba hiyo imekwisha kazi hata kama haijachanika. Usisubiri uone chuma.

Halafu ishike raba kwa vidole ujaribu kuizungusha na kuivuta. Raba nzima inang'ang'ania. Inayocheza, inayotoka kona moja, au iliyofungwa kwa waya, tyubu au supa gluu, ibadilishe. Pinda kidogo ule ukingo unaokumbatia kibati kwa nyuma. Hapo ndipo mipasuko huanzia, na kwa mbele huioni. Raba iliyozeeka kwa jua na joto huwa ngumu kama plastiki na ina nyufa nyembamba. Gari linaloshinda juani kando ya bustani Mbweni au Toangoma siku nzima, vioo vimefungwa, raba zake zinakauka mapema.

Ukiona raba imevimba, imelainika au inanata, jiulize nini kimemwagikia. Dizeli, petroli, oili na grisi vyote vinaharibu raba za kawaida. Na hapa niseme kama afisa ugani: viuatilifu vya maji, vile ukivichanganya na maji vinakuwa vyeupe kama maziwa, vingi vimetengenezwa kwa viyeyusho vya jamii ya mafuta. Chupa ikivuja chini ya kiti, raba ya pedali inaumia, ila wewe uliyefunga vioo ukivuta ile hewa kutoka duka la pembejeo mpaka shamba unaumia kabla yake. Dawa inakaa nyuma kwenye bodi, ndani ya ndoo yenye mfuniko, imefungwa isidondoke. Kwenye kabini hapana.

Kuna unyevu mwingine wa kuuogopa. Kama hakuna mvua, hujaosha gari, lakini pedali ya klachi au ya breki ina majimaji yanayoteleza, fuata mkono wa pedali kwenda juu kwa tochi. Masta silinda ikianza kuvuja, mafuta ya breki yanateremka kwenye huo mkono mpaka kwenye raba. Hapo kubadilisha raba ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Angalia kikopo cha mafuta ya breki kama kimeshuka, mwite fundi, na gari lisiende sokoni siku hiyo. Hali kadhalika pedali inayozama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia, au inayokuwa laini kama sponji. Hayo ni magonjwa ya breki yenyewe, raba haihusiki.

Sasa kununua. Spea za namna hii utazipata Kariakoo upande wa Gerezani, Ilala kule Shaurimoyo, hata maduka ya Tegeta na Mbagala kwa gari zinazotembea sana mjini. Nikutahadharishe na lugha. Ukifika dukani ukasema "naomba pedi za breki", utapewa zile za kwenye magurudumu, na bei yake utashtuka. Sema "raba za pedali", utaje ni ya breki au ya klachi, na gari lako ni la klachi au otomatiki. Hiyo ya mwisho ina maana sana. Otomatiki ina pedali ya breki pana, raba yake ni pana vilevile. Gari la klachi lina pedali mbili ndogo, na kwenye magari mengi raba zake zinafanana, basi unanunua mbili za aina moja. Njia ya uhakika ni kung'oa ile ya zamani uende nayo mfukoni, ila gari liache nyumbani, upande daladala. Ukishindwa, piga picha pedali kwa mbele na nyuma, pima upana na urefu wa kile kibati kwa rula, chukua na namba ya chasisi.

Bei isikutishe. Mafungu machache ya mchicha yanatosha. Kwa sababu hiyo sioni maana ya kununua raba iliyotumika, labda gari lako liwe la aina adimu. Unapoishika dukani ikunje: inatakiwa ikunjike na kurudi. Angalia ukingo wa nyuma uwe mnene na umezunguka pande zote nne. Za ovyo zina ukingo mwembamba kama karatasi, zinatoka siku ya pili. Kuna na zile pedali za bati linalong'aa za kufunga kwa skrubu, vijana mnazipenda. Mimi ushauri wangu ziache. Skrubu zikilegea kibati kinazunguka chini ya mguu, na bati lenye tope ndilo lilelile tulilolikimbia.

Kuvalisha ni kazi ya vidole. Ya zamani unaishika kona moja, unaivuta kuelekea nyuma ya kibati mpaka ukingo utoke, halafu unaichuna yote. Ikikaza tumia bisibisi bapa taratibu, au kata tu kwa kisu, si unaitupa. Ukishaitoa usikimbilie kuvalisha mpya. Angalia kibati. Kwa wanaoingia na miguu yenye tope utakuta kutu na udongo umejaa huko ndani. Sugua kwa stilwaya au msasa, futa, acha kikauke kabisa. Kibati kikiwa kimeliwa na kutu mpaka kina ncha kali, ncha hiyo itakata raba mpya, ilainishe kwa tupa kwanza. Kikiwa kimepinda au kimepasuka kwenye ungio, hiyo kazi ya fundi.

Raba mpya iloweke kwenye maji ya moto kiasi, yale ya kuogea, kama dakika tano. Inalainika. Ikaushe, kisha ingiza ukingo wa upande mmoja kwanza, ushikilie kwa kidole gumba, vuta upande wa pili upite juu ya kibati, malizia kona moja moja. Ya mwisho ndiyo inasumbua, hapo tumia mpini wa kijiko, usitumie kitu chenye ncha. Usipake grisi wala oili ili iingie haraka, wala usipake baadaye ile dawa ya kung'arisha tairi. Watu wa kuosha magari wana tabia hiyo, wanapulizia kila kitu cheusi wanachokiona, pedali zikiwemo. Gari linang'aa, mguu unateleza. Waambie mapema waache. Gundi nayo haihitajiki. Raba yenye saizi yake inajishika.

Ukimaliza pitisha kidole nyuma ya kibati pande zote nne. Ukingo usiwe umejikunja sehemu yoyote. Kanyaga kwa mkono, kisha kwa mguu mara kumi hivi, gari likiwa limezimwa, ukiupeleka mguu kulia na kushoto kama unataka kuiondoa. Ikikaa, washa, zunguka kwanza eneo lisilo na watu. Utahisi pedali iko juu kidogo kuliko ulivyozoea kwa sababu raba mpya ina unene. Siku moja mbili mguu unazoea, lakini usiende kuzoea kwenye foleni ya Mwenge na mzigo nyuma.

Pedali ya mafuta sijaisahau. Kwenye magari mengi ni plastiki nzima, haina raba ya kuvua. Isafishe, hakikisha inarudi yenyewe ukiiachia, na angalia kapeti iliyo chini yake. Hapa kuna kisa cha kweli. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota iliita magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani, wenyewe watoe kapeti upande wa dereva, baada ya ajali iliyoua watu wanne jimbo la California. Gari lilikuwa Lexus, limewekwa kapeti nzito ya raba ya aina nyingine ya gari, na kapeti hiyo ikanasa pedali ya mafuta. Sasa njoo kwetu: tunaweka boksi, gunia, kipande cha zulia la sebuleni, ili tope lisichafue. Sijawahi kuona kimoja kilichofungwa. Kapeti ya dereva iwe ya gari hilo, ikae chini bila kusogea, na isiwekwe juu ya nyingine. Chupa za maji nazo zisizagae sakafuni, kwenye kona moja inabingirika mpaka chini ya breki.

Na viatu. Gambuti ni za shambani. Kuwa na jozi ya raba za kawaida za kuvaa unapoendesha, gambuti zitupe nyuma na matenga. Kandambili zinajikunja chini ya pedali, yeboyebo iliyolegea inavuka mguuni wakati unainua. Ukikosa kabisa cha kubadilisha, gonga tope lote, kung'uta, futa soli kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingiza mguu ndani. Yule kijana sasa ana kitambaa kimening'inia kwenye mkono wa mlango.

Mnaopanga kununua gari la mtumba, pedali zitawasaidia hata kwenye bei. Dashibodi inasema kilomita 60,000 lakini raba ya breki imekwisha na kibati kinaonekana? Uliza maswali. Na kinyume chake, raba mpya kabisa kwenye gari ambalo usukani umelika na kiti cha dereva kimebonyea, nayo uliza. Sio ushahidi wa mwisho, kwa sababu mtu mwaminifu pia hubadilisha raba, natamani wangekuwa wengi. Ila vikikutana vitatu, mita ya kilomita huenda imeguswa.

Wenye trekta, pedali zenu nyingi ni chuma chenye meno, hazivai raba. Meno yakilika peleka kwa mchomeleaji ayarudishie, na toa udongo kila unapopanda. Kubwa zaidi ni lile komeo linalounganisha pedali mbili za breki, ya kulia na ya kushoto. Shambani unalifungua ili ukate kona kwa kubana gurudumu moja. Ukiingia barabarani lazima ulifunge. Ukikanyaga moja tu ukiwa kwenye mwendo na tela nyuma, trekta linageuka kule kule na kupinduka.

Kirikuu cha Kongowe tulikimaliza Jumamosi moja jioni. Pedali mbili, raba mbili, chini ya nusu saa, na muda mwingi tulikuwa tunatoa udongo. Ukaguzi wake sasa anafanya Jumapili anapopima oili na upepo wa tairi, anapitisha kidole tu. Ile raba ya zamani ya breki ameitundika kwenye kioo cha ndani, pale wengine wanapotundika manukato.